Kiima Kilichofichwa Ndani ya Kifuko

Kichwa cha makala ya Kasra Hassani na Martin Olivier, iliyotoka mwaka 2013 katika jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases, kinatamka jambo moja, na ikisiri yake inatamka jingine. Kichwa kinazungumzia eksosomu za makrofaji zilizochochewa na Leishmania. Hapo kimelea ndicho mtendaji, seli ni mtendwa, na vifuko vinavyotoka ni matokeo. Ukishuka mistari michache tu, uhakika huo umepoa. Seli haziitwi tena zilizochochewa, wala zilizoambukizwa. Zinaitwa zilizokutanishwa na kimelea, au zisizokutanishwa nacho. Anayepitia makala za sayansi mbiombio atasema huo ni mtindo tu, waandishi wanakwepa kurudia neno. Mimi naona hapo ndipo makala nzima inaposimama, na ndipo makala nyingine nyingi za uwanja huu zinapoteleza.

Uwanja wenyewe ni huu. Makrofaji ni seli ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza: bakteria, mabaki ya seli zilizokufa, chochote ambacho mwili haukitaki. Leishmania, kimelea cha seli moja kinachoenezwa na usubi, hakimkimbii mmezaji huyo. Humezwa, na badala ya kusagwa huishi na kuzaana ndani ya kile kile kifuko cha kumeng'enyea. Seli hiyo, iwe na kimelea au isiwe nacho, hutoa nje vifuko vidogo mno vyenye utando wa mafuta. Vile viitwavyo eksosomu vina kipenyo cha nanomita 30 hadi 150 hivi, na ndani yake mna protini na vipande vya RNA. Watafiti wanauliza: vifuko vya seli iliyopata kimelea vinatofautianaje na vya seli isiyokipata, na tofauti hiyo inamfaa nani?

Vifuko hivi vimewahi kubadilishiwa utanzu, na msomaji wa fani hana budi kulijua hilo kwanza. Mwaka 1983 makundi mawili, moja la Rose Johnstone katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal na jingine huko St. Louis, Marekani, yalionyesha kwamba chembe nyekundu changa za damu hutoa nje vipokezi vyake vya transferini zikikomaa. Mwaka 1987 kundi la Johnstone likavipa vifuko hivyo jina la eksosomu. Simulizi ya wakati huo ilikuwa ya usafi, seli inatupa kisichohitajika tena. Mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake wakaonyesha kwamba limfosaiti B hutoa vifuko vinavyoweza kuziamsha seli T. Mwaka 2007 Hadi Valadi na wenzake wakakuta RNA ndani ya vifuko vya seli za kinga ziitwazo mastosaiti, RNA ambayo seli nyingine iliweza kuisoma na kuitengenezea protini. Basi taka zikageuka barua. Tangu hapo kila mtu anaandika juu ya ujumbe, mtumaji na mpokeaji. Sitiari hii ina nguvu, lakini inaingiza mambo matatu bila kupiga hodi: kwamba yupo aliyeandika, kwamba alikusudia, na kwamba anajulikana. Kuona bahasha si kumwona mwandishi wake.

Hassani na Olivier, nao wa McGill kama Johnstone, wameijenga makala yao kwa safu tatu, na huu ndio uamuzi wa kifani ninaouheshimu kuliko yote humo. Walichukua makrofaji za panya za aina ya J774. Kundi la kwanza halikuguswa. La pili lilipewa LPS, kipande cha ukuta wa bakteria ambacho seli ya kinga hukichukulia kama king'ora. La tatu lilikutanishwa na Leishmania mexicana katika umbo la mkia, lile linaloishi tumboni mwa usubi. Vifuko vya makundi yote matatu vikakusanywa na protini zake zikahesabiwa.

Makala nyingi za namna hii zina safu mbili tu, wagonjwa na wazima. Katika muundo wa safu mbili kila tofauti inaandikwa kwenye hesabu ya kimelea. Kama seli imeshtuka kwa sababu tu kitu kigeni kimeigusa, mshtuko huo nao utaitwa hila ya kimelea. Safu ya LPS inazuia hilo. Inamlazimisha msomaji atoe kwanza kile ambacho king'ora chochote kingekisababisha, ndipo aone kilichobaki. Linganisha na makala ya Bhatnagar na wenzake iliyotoka mwaka 2007 katika jarida la Blood. Kichwa chake kinakusanya katika kapu moja vidudu vinavyoishi ndani ya seli na kusema kwamba vifuko vya makrofaji zilizoambukizwa huchochea uvimbe. Ndani ya kapu hilo bakteria wa jamii ya kifua kikuu ndio wanaotawala, na Toxoplasma gondii, ambayo ndiyo kimelea hasa, imeketi pembeni na Salmonella. Ni makala muhimu, lakini kiima chake ni kipana kiasi kwamba hakimtaji mtu.

Turudi kwenye zile safu tatu, tuzisome hesabu kama zilivyopangwa. Zilipatikana protini 248 kwa jumla, na kati ya asilimia 50 na 80 hivi zilikuwemo katika vyanzo vyote vitatu. Sentensi inayofuata inasema vifuko vina sahihi za kipekee. Msomaji asiye makini anaondoka na neno sahihi, maana ndilo linalong'aa. Lakini hebu tazama hatua iliyopigwa kati ya sentensi hizo mbili. Ya kwanza inauliza protini ipi ipo na ipi haipo. Ya pili inaongeza wingi wake: ipi ni nyingi zaidi hapa kuliko pale, katika makundi kama protini za utando wa seli, zile zinazosaidia nyingine kujikunja vizuri, na vimeng'enya vya umetaboli. Tofauti haimo katika msamiati tu, imo pia katika mara ngapi neno lile lile linatumika. Wanaochunguza mashairi yanayohusishwa na Fumo Liyongo wanaijua taabu hii. Shairi halina saini, nakala zimepita mikono mingi, na unachobaki nacho ni mazoea ya lugha. Mazoea yanaweza kukuelekeza kwa mtu, lakini hayakufikishi mlangoni kwake. Neno sahihi, basi, limetumika kwa ukarimu. Walichokipata ni mtindo, na kingetosha kuitwa hivyo.

Jambo jingine ambalo msomaji wa haraka atalikosa: waandishi wanasema walifanya kazi hii kwa udadisi. Hawaanzi na dhahania kwamba kimelea kinavichezea vifuko. Wanasema tu kwamba walitaka kujua. Katika utanzu ambao nafsi ya kwanza hujificha kama mwizi, kukiri udadisi ni ushujaa mdogo, na una faida ya kifani, kwa sababu unaacha mlango wazi kwa jibu lolote. Na jibu lililokuja si lile ambalo kichwa kinalitangaza. Makrofaji nyingine ambazo hazikuwa zimeguswa na kitu zilipopewa vifuko hivyo, makundi yote matatu yaliamsha jeni za kinga, hata vile vilivyotoka kwenye seli tulivu ambazo hazikuona kimelea wala LPS. Vifuko vya seli zilizokutana na Leishmania vilijitofautisha kwa kuelemea zaidi jeni ya kipokezi cha adenosini kiitwacho A2a, ambacho ni mojawapo ya breki za uvimbe mwilini. Tunaongea juu ya mwelemeo, si mapinduzi. Ningekuwa mhariri ningewaomba waandishi wapeleke neno kuelemea kwenye kichwa.

Sasa sehemu ya mbinu, ambayo wasomaji wengi huiruka kama wanavyoruka shukrani mwanzoni mwa kitabu. Hapo kauli ya kutendwa ndiyo inayotawala: majimaji yalikusanywa, yalizungushwa, yalichujwa. Utaratibu wa kawaida ni kuyachukua majimaji ambamo seli ziliishi, kuyazungusha polepole ili seli zizame, kisha kwa kasi zaidi ili mabaki ya seli zilizokufa yazame, na mwisho kwa nguvu ya takriban mara 100,000 ya mvutano wa dunia kwa saa moja au zaidi. Kinachobaki kwenye kitako cha mrija mara nyingi hakionekani kwa macho. Fundi wa maabara huweka alama ya kalamu upande mmoja wa mrija kabla ya kuuingiza kwenye mashine, ili akiutoa ajue masimbi yako wapi asije akayamwaga. Hicho kisichoonekana ndicho makala nzima inachokizungumzia.

Ndani ya masimbi hayo mna nani? Mna vifuko vya makrofaji, bila shaka. Huenda mna vifuko vilivyotolewa na vimelea ambavyo havikumezwa, vikabaki vikielea kwenye sahani. Huenda mna vifuko ambavyo kimelea kilivitoa kikiwa ndani ya seli, vikapata njia ya kutokea pamoja na vya mwenyeji wake. Na kama chakula cha seli kilitiwa seramu ya ndama bila kusafishwa vizuri, mna vifuko vya ng'ombe. Wasemaji wanne wamo kwenye mrija mmoja, na kauli ya kutendwa haimtaji hata mmoja. Hassani huyo huyo na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2011 kwamba Leishmania mexicana ikihamishwa kutoka joto la usubi hadi joto la mwili wa mnyama huongeza utoaji wa protini zake. Kwa hiyo kuiweka pamoja na makrofaji kwenye joto la nyuzi 37 ni kumpa msemaji wa pili kipaza sauti. Kuosha sahani kunampunguzia sauti, hakumnyamazishi.

Ndiyo maana lile neno la kukutanishwa lina uzito. Katika vifuko vya safu ya tatu ilionekana GP63, kimeng'enya cha kukata protini ambacho kimelea hukivaa juu ya ngozi yake. Waandishi wanaripoti kwamba imeonekana kwa mara ya kwanza katika eksosomu zilizotolewa na J774. Nusu ya kwanza ya dai hilo mrija unaithibitisha: GP63 imo kwenye masimbi. Nusu ya pili, kwamba iliyoitoa ni makrofaji, inahitaji shahidi wa ziada. Kwa kuziita seli zilizokutanishwa na si zilizoambukizwa, ikisiri inakiri kimyakimya kwamba kilichoelezwa ni mkutano wa wawili. Kichwa hakikusikia.

Kuna umbo jingine linalostahili kusomwa, na hili ni la macho. Makala nyingi za miaka hiyo huweka picha ya hadubini ya elektroni yenye vifuko vinavyofanana na vikombe vilivyobonyea katikati, na umbo hilo likawa karibu kitambulisho: ukiona kikombe, hiyo ni eksosomu. Baadaye ilieleweka kwamba ubonyeo unatokana na kuvikausha vifuko kabla ya kuvipiga picha. Vikigandishwa ghafla kwa baridi kali vinaonekana mviringo. Namna ya kuandaa ilizaa umbo, umbo likageuzwa ushahidi wa asili. Lugha nayo imeanza kujirekebisha. Mwongozo wa jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vifuko hivi, uliotolewa mwaka 2018, unashauri jina la jumla, vifuko vya nje ya seli, mpaka mtu aweze kuonyesha ni kutoka sehemu gani ya seli vimezaliwa.

Makala ya Gioseffi na wenzake, iliyotoka mwaka 2020 katika Life Science Alliance kutoka maabara ya Peter Kima katika Chuo Kikuu cha Florida, imeandikwa ndani ya lugha hiyo mpya. Kiima cha kichwa chake ni makrofaji zilizoambukizwa na Leishmania. Hizo hutoa vifuko vya nje ya seli, na vifuko hivyo vinaweza kukuza vidonda. Neno vinaweza ndilo breki ya sentensi nzima, na wametumia breki mahali panapofaa. Kimelea kilichotumika ni Leishmania donovani. Ndani ya vifuko walikuta protini ya kimelea iitwayo Vash, jamaa ya protini za wanyama zinazohusika na ukuaji wa mishipa ya damu. Badala ya kumwachia msomaji abuni imetoka wapi, waliiunganisha jeni yake ndani ya kimelea chenyewe na protini inayong'aa kijani, mNeonGreen, kisha wakaufuata ung'avu huo ndani ya makrofaji na ndani ya vifuko. Hapa ndipo neno sahihi lingestahili. Kimelea kimetiwa wino, na wino umeonekana.

Hata hivyo wino unataja mwandishi wa protini, hautaji mshonaji wa bahasha. Vash ni ya Leishmania, lakini utando ulioibeba unaweza kuwa wa seli. Na ukivisoma vidonda vya kwenye kichwa kwa makini, navyo vimekaa mbali na majaribio. Kilichoonyeshwa ni kwamba seli za ukuta wa mishipa zikipewa vifuko hivi hutoa IL-8 na VEGF-A, viamshi vya ukuaji wa mishipa, na hujipanga kuwa vijirija ndani ya sahani. Waandishi wenyewe wanayaita majaribio haya mbadala wa ukuaji wa mishipa. Isitoshe, L. donovani ndiyo inayosababisha kala-azar, homa inayovimbisha wengu na ini, ugonjwa wa Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Wajir nchini Kenya, wa Amudat nchini Uganda, na wa maeneo mapana ya Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia. Msomaji wa Kimalel, huko Baringo, akikutana na neno kidonda atatazama ngozi, na kala-azar inamwangusha mtu bila kumwachia kidonda cha kuonyesha. Vivyo hivyo makala ya Montreal inasema Leishmania kwa jumla ilhali L. mexicana ni ya vidonda vya ngozi vya Mexico na Amerika ya Kati. Jina la jenasi kwenye kichwa hufanya kazi ya kupanua dai bila gharama yoyote, na jina makrofaji hufanya vivyo hivyo, maana J774 ni ukoo wa seli uliotokana na uvimbe wa saratani wa panya na umelelewa kwenye chupa kwa miongo.

Sitiari ya utekaji nyara ndiyo inayoniudhi zaidi. Mapitio ya uwanja huu yamejaa kimelea kinachoteka, kinachopora, kinachoigeuza seli kuwa kibaraka. Tatizo si kwamba inatia chumvi. Tatizo ni kwamba mateka hana sauti, kwa hiyo kila kifuko kinachotoka kinahesabiwa kuwa neno la mtekaji. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani, Schnitzer na wenzake, waliripoti kwamba vifuko vya seli za dendritiki zilizopewa antijeni ya Leishmania major viliwakinga panya dhidi ya ugonjwa. Seli ya kinga, ikiwa na vipande vya adui mkononi, ilitoa vifuko vinavyomsaidia mwenye mwili. Sitiari ya utekaji haina nafasi ya kuweka tukio hilo. Sitiari ya mabishano ingekuwa nayo, na isingelazimisha kuamua mapema nani ameshinda.

Wanaosoma makala hizi kutoka ukanda wetu wana sababu ya kutaka kiima kitajwe waziwazi. Kipimo cha haraka cha kala-azar cha rK39, kinachotafuta kingamwili, hakigundui wagonjwa wa Afrika Mashariki kwa uhakika ule wanaoupata India, na njia ya kuchoma wengu kwa sindano ina hatari ya kutokwa damu ndani. Kama siku moja vifuko vya damu vitatumika kupima ugonjwa, itabidi kujua ni protini zipi zinatoka kwa kimelea kilicho hai ndani ya seli, na zipi ni kelele za seli iliyoshtushwa na maradhi yoyote. Homa ni nyingi Turkana. Kipimo kilichojengwa juu ya safu mbili kitawachanganya wote.

Kwa hiyo ningetaka kuona safu ya nne katika jedwali lile la mwaka 2013. Atayde na wenzake, kutoka maabara hiyo hiyo ya Olivier, walionyesha mwaka 2015 kwamba Leishmania hutoa eksosomu ikiwa bado tumboni mwa usubi, na kwamba vifuko hivyo huingia kwenye ngozi pamoja na vimelea wakati wa kung'atwa na kuzidisha vidonda kwenye panya. Makrofaji ya kwanza kufika mahali pa kung'atwa, basi, haikutani na kimelea peke yake. Inakutana nacho pamoja na vifuko vyake. Wape makrofaji vifuko vya kimelea tupu, bila kimelea chochote, kisha ukusanye vinavyotoka upande wa pili na uvipange kando ya zile safu tatu. Kama kipokezi cha A2a kitaelemewa vile vile, neno kuambukizwa halitahitajika kueleza mwelemeo huo.